Mondo, paka wa nyasi ndefu anayeitwa mtoto wa chui

Mfanyabiashara wa Pwani anayepanda Karatina kununua viazi, karoti na kabichi za kuteremsha Kongowea hana haja na habari za wanyama. Yake ni bei ya gunia na nauli ya lori. Lakini akilala kule siku mbili tatu, hasa kwenye vijiji vinavyopakana na msitu wa Mlima Kenya, huenda akasikia kwamba usiku "mtoto wa chui" kapita shambani, kabeba kuku na katokomea bondeni. Mwengine atasema alikuwa duma. Wa tatu atasema ni paka shume tu aliyenenepa. Mara nyingi anayezungumzwa si yeyote kati ya hao. Ni mondo.

Makala hii inaeleza mondo ni mnyama gani, wataalamu wamemweka katika ukoo upi, na makazi yake yanaanzia wapi na kuishia wapi. Nimeiandika kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba Kiswahili kina jina lake na majina ya jamaa zake, na majina hayo yanatutoka mdomoni siku hizi. Ya pili ni kwamba kumkosea jina kuna gharama. Anayedhaniwa chui hutegwa na kupigwa kama chui, ilhali chakula chake kikubwa ni panya wale wale wanaomtia hasara mkulima.

MAJINA TULIYONAYO

Tuanze nyumbani, kwenye lugha. Ukiacha simba, Kiswahili kinawatenga paka wa mwituni wa Kenya hivi.

Chui ni mkubwa, miguu minene, mkia mrefu, na madoa yake yamekusanyika kama maua, katikati ya ua pana rangi ya ngozi.

Duma ni mwembamba na mrefu, madoa yake ni ya mviringo, na kutoka jichoni hadi mdomoni ana mstari mweusi kama mtu aliyelia wanja ukachuruzika.

Simbamangu ana rangi moja ya kahawia nyekundu, hana madoa ya kuonekana, na ncha za masikio yake zina vishungi virefu vyeusi. Hupenda nchi kavu.

Kimburu ni paka pori mdogo, saizi ya paka wa nyumbani, mwenye miguu mirefu kidogo na michirizi hafifu. Huyu ndiye babu wa paka tunaoishi nao. Uchunguzi wa vinasaba uliotolewa mwaka 2007 ulionyesha kwamba paka wa nyumbani wa dunia nzima wametokana na kimburu wa Mashariki ya Kati.

Mondo yuko katikati. Ni mkubwa kuliko kimburu na mdogo sana kuliko chui. Ana madoa, miguu mirefu, kichwa kidogo, masikio makubwa kupita kiasi na mkia mfupi.

Kisha kuna wanyama wenye madoa ambao watu huwaita paka na si paka. Ngawa, ambaye wengine humwita fungo, na kanu, mwembamba mwenye mkia mrefu wa pingili, wote wawili wana familia yao mbali na paka. Huko Unguja, mwaka 1998, wataalamu walimpa kanu wa kisiwani jina la kisayansi Genetta servalina archeri. Neno "servalina" limetokana na jina la kigeni la mondo, kwa kuwa kanu wa aina hiyo ana madoa madogo madogo yanayomkumbusha mtu mondo. Anayesoma jina hilo haraka anaweza kudhani Unguja kuna mondo. Yule ni kanu.

Na upande wetu wa Kilifi kuna kisa cha kinyume chake. Paka wa Sokoke, yule mwenye rangi kama gome la mti ambaye Wagiriama humwita kadzonzo, alisifika kote kama paka wa msituni. Mwaka 1978 mkaazi mmoja karibu na Watamu, Jeni Slater, alichukua watoto wa paka huyo akawalea, na kizazi chake kikaja kupelekwa Ulaya na kuandikishwa kuwa aina maalumu. Lakini kadzonzo ni paka wa nyumbani, ndugu wa paka wanaozunguka mitaa yetu, ingawa aliishi msituni. Kwa hiyo kuishi msituni hakumfanyi mnyama kuwa wa mwitu, na kuwa na madoa hakumfanyi kuwa chui. Ndiyo maana wataalamu huanza na mwili na damu kabla ya mahali alipoonekana.

UKOO WAKE KWA WATAALAMU

Mondo aliingia kwenye vitabu vya sayansi mwaka 1776, pale mtaalamu wa Kijerumani Johann Christian Daniel von Schreber alipomwita Felis serval. Wakati ule karibu kila paka aliwekwa chini ya jina Felis. Neno serval lenyewe lina asili ya Kireno, na Wareno walilitumia kwa paka mwengine kabisa wa Ulaya, linksi. Kwa hiyo hata wageni walimkosea jina mwanzoni: walimwita kwa jina la mnyama waliyemzoea kwao.

Mwaka 1858 Mrusi Nikolai Severtzov alimtoa katika kundi lile kubwa akampa jenasi yake peke yake, Leptailurus, maneno ya Kigiriki yenye maana ya paka mwembamba. Jina hilo ndilo lililobaki: Leptailurus serval. Jenasi ni kama ukoo ndani ya kabila, na katika ukoo huu mondo yuko peke yake. Hana ndugu wa tumbo moja aliye hai.

Hata hivyo ana binamu. Mwaka 2006 timu ya watafiti iliyoongozwa na Warren Johnson na Stephen O'Brien ililinganisha vinasaba vya paka wote wa dunia na kuwagawa katika matawi manane. Mondo aliangukia tawi moja na simbamangu na paka wa dhahabu wa misitu ya Afrika ya kati na magharibi. Tawi hilo ni la Kiafrika na ni la kale, kwani lilijitenga mamilioni ya miaka iliyopita, kabla ya matawi mengine mengi. Chui yuko tawi jengine kabisa, pamoja na simba na chui milia wa Asia. Kwa ukaribu wa damu, mondo anakaribiana zaidi na kimburu na paka wa jikoni kwako kuliko na chui. Anayemwita mtoto wa chui anamhamisha tawi.

Kulikuwa pia na mvutano mrefu juu ya mondo wangapi wapo. Katika karne ya 19 ngozi kutoka Afrika Magharibi zilikuwa na madoa madogo kama mchanga uliomwagika, tofauti na madoa makubwa ya mondo wa savana. Wataalamu wakasema hizo ni spishi mbili. Baadaye ikabainika kuwa ni spishi moja yenye mavazi mawili: kwenye nchi ya nyasi madoa huwa makubwa, na karibu na misitu yenye unyevu huwa madogo. Leo hakuna anayewatenga.

Chini ya spishi kuna nususpishi, yaani makundi ya eneo yanayotofautiana kidogo. Hapa kila mpelelezi aliyepata ngozi mpya alitoa jina jipya, na mwanzoni mwa karne hii orodha ilikuwa na zaidi ya majina kumi na tano. Mwaka 2017 kundi la wataalamu wa paka la Muungano wa Kimataifa wa Uhifadhi wa Asili, IUCN, lilifanya usafi. Likapendekeza, kwa muda, nususpishi tatu: mmoja wa Kusini mwa Afrika, mmoja wa Afrika Magharibi na Kati, na mmoja wa Afrika Mashariki aitwaye Leptailurus serval lipostictus, jina lililotolewa na Mwingereza Reginald Pocock mwaka 1907. Mondo wa Karatina yuko katika fungu hili la tatu.

Wasomaji wa Zanzibar wanaijua hesabu hii kwa mnyama mwengine. Chui wa Unguja aliwahi kuhesabiwa kuwa nususpishi ya peke yake, kwa jina alilompa Pocock huyo huyo mwaka 1932. Baadaye akaunganishwa na chui wengine wote wa Afrika. Jina likifutika kwenye orodha, mnyama wa mahali hupoteza sehemu ya uzito wake mbele ya wanaogawa fedha na ulinzi, kwa sababu husemwa "wako wengi kwengine". Hilo lishike, maana tutalirudia kwa mondo.

UMBO NA KAZI YAKE

Mondo dume huwa na uzito wa kilo 9 hadi 18, na jike kilo 7 hadi 12. Begani hufika sentimita 54 hadi 62. Ukilinganisha miguu na mwili, hakuna paka mwenye miguu mirefu kumshinda. Mkia wake ni wa sentimita 20 hadi 38 tu, haugusi chini akisimama. Rangi ni ya dhahabu iliyofifia, madoa meusi mwilini, na shingoni na mabegani madoa huungana yakawa mistari. Nyuma ya kila sikio pana weusi uliokatwa na baka jeupe. Alama hiyo huonekana hata kwa mwanga wa tochi akiwa amegeuka.

Miguu ile si ya mbio ndefu kama ya duma. Ni ya kuinuka juu ya nyasi. Mondo husimama kimya ndani ya majani marefu, masikio yameelekezwa mbele, akisikiliza panya anavyotembea chini ya nyasi au hata ndani ya shimo. Akishapajua, huruka juu na kuteremka kwa miguu ya mbele pamoja, na mruko wake waweza kufika mita 2 au 3. Mholanzi Aadje Geertsema alimfuatilia mondo katika kreta ya Ngorongoro, na matokeo yake yaliyochapishwa mwaka 1985 yalionyesha kwamba karibu nusu ya mashambulizi yake hufanikiwa. Kwa mnyama mwindaji hiyo ni hesabu kubwa, kwani simba mara nyingi hutoka mikono mitupu.

Panya wa aina mbalimbali ndio sehemu kubwa ya chakula chake, kisha ndege, vyura, mijusi, nyoka na wadudu. Kuku akiachwa nje usiku naye huingia katika hesabu, na hili hatulifichi. Mwanadamu hamo. Ni mnyama wa kujificha, akikuona wa kwanza huondoka.

Jike hubeba mimba ya miezi miwili na zaidi kidogo na huzaa watoto wawili au watatu, huwaficha kwenye majani mazito au shimo lililoachwa na mnyama mwengine. Dume hasaidii kulea.

MAKAZI YAKE KATIKA RAMANI

Ukifungua ramani ya makazi ya mondo utaona rangi imefunika karibu Afrika yote kusini mwa Sahara, isipokuwa jangwa kavu na msitu mnene wa Kongo. Yupo Senegal na yupo Ethiopia, yupo Tanzania, Zambia na Botswana. Kenya yupo Maasai Mara, Laikipia, Nyandarua, Mlima Kenya, Hifadhi ya Nairobi, na Tsavo nyuma ya mgongo wetu sisi watu wa Pwani. Hupanda milima pia: Kilimanjaro ameonekana hadi takriban mita 3,800.

Pembezoni mwa ramani mambo ni mabaya. Afrika Kaskazini, ambako zamani aliishi kando ya Bahari ya Kati, amebaki katika mabaki ya Moroko na Algeria, na Tunisia walilazimika kumrudisha katika hifadhi ya El Feija kwa kutumia wanyama wenye asili ya Afrika Mashariki. Kusini kabisa, eneo la Rasi ambako Schreber alisema ndiko anakotoka, alishatoweka.

Kwa jumla IUCN humweka katika daraja la wanyama wasiotia wasiwasi mkubwa, na biashara yake ya kimataifa husimamiwa chini ya Kiambatisho cha Pili cha mkataba wa CITES. Ngozi zake huuzwa, na mara nyingi muuzaji humwambia mnunuzi kwamba ni ya chui mchanga au ya duma. Hata akiwa maiti jina lake huibiwa.

Tatizo la ramani ya namna hii ni kwamba rangi haina matundu. Mondo hakai kila mahali ndani ya rangi. Anataka vitu vitatu pamoja: maji karibu, nyasi au matete marefu ya kujificha, na panya wengi. Palipo na hivyo hustawi hata karibu na watu. Afrika Kusini, katika mji wa Secunda, kiwanda kikubwa cha mafuta kimezungukwa na ardhi chepechepe iliyowekewa uzio. Utafiti wa kamera uliotolewa mwaka 2018 ulipata pale mondo kati ya 76 na 101 kwa kila kilomita 100 za mraba, wingi ambao haujawahi kuandikwa mahali pengine popote. Moshi wa kiwanda haukumfukuza, kwa sababu majani, maji na panya vilibaki. Kinyume chake, pori tulivu lisilo na majani marefu halimfai kitu.

KARATINA, KATI YA MILIMA MIWILI

Sasa tazama Karatina ilivyokaa. Upande mmoja ni Mlima Kenya, ambao sehemu yake ya juu ni hifadhi ya taifa tangu 1949 na umo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 1997. Magharibi ni safu ya Nyandarua yenye hifadhi ya Aberdare iliyotangazwa 1950. Katikati ni nchi ya watu: chai juu, kahawa chini, mahindi, viazi, ng'ombe wa maziwa, mji wenye soko kubwa na barabara ya kutoka Nairobi kwenda Nyeri.

Uzio wa umeme wa Aberdare, unaokaribia kilomita 400, ulianza kujengwa 1989 ukakamilika 2009, na Mlima Kenya nao umekuwa ukizungushiwa uzio. Kazi yake ni kuzuia tembo na nyati wasiteketeze mashamba, na wakulima wameupokea kwa shukrani. Lakini mondo si tembo. Maisha yake hayako ndani ya msitu mnene tu. Yako pembeni mwa msitu, kwenye mabonde ya mito, kwenye majani ya kando ya mashamba. Yaani makazi yake bora yamekaa mahali ambapo sheria ya hifadhi inaishia na shamba la mtu linaanzia.

Mabonde hayo ndiyo yanayokwisha. Kila mto wa Nyeri ulikuwa na ukanda wa matete na nyasi. Leo sehemu kubwa imelimwa nduma na mboga hadi ukingoni, au imepandwa mikaratusi inayonyonya maji. Ukanda ukikatika, mondo wa upande wa Mlima Kenya hana njia ya kukutana na wa Nyandarua. Kwenye ramani bado ni rangi moja. Ardhini ni visiwa viwili, na bahari kati yao ni mashamba.

Hapa sisi wa Pwani tusidhani ni habari ya watu wa bara. Mto Ragati unaopita Karatina huingia Sagana, Sagana ndio mwanzo wa Tana, na Tana humwagika baharini Kipini. Bonde linalomhifadhi mondo ndilo linaloshika maji na udongo. Likinyolewa, udongo wake hushuka hadi delta.

MONDO MWEUSI

Milima hii miwili inasifika kwa jambo moja jengine. Baadhi ya mondo wake huzaliwa weusi. Hali hii ya weusi wa kurithi hutokea kwa chui pia, na kwa mondo inajulikana zaidi katika nyanda za juu za Kenya na Ethiopia kuliko mahali pengine. Wageni wa Aberdare huwaona mara kwa mara. Si spishi nyengine wala nususpishi. Mweusi na wa dhahabu wanaweza kuwa ndugu wa mama mmoja. Jua likimpiga vizuri, madoa huonekana kwa mbali chini ya weusi, kama nakshi kwenye kitambaa cheusi.

Wataalamu wamependekeza kwamba weusi hufaa milimani kwenye baridi na giza la msitu, ila jibu halijafungwa. Kwa mwanakijiji maana yake ni nyepesi zaidi. Mondo mweusi ndiye anayedhaniwa chui mweusi kuliko wote, na chui mweusi naye yupo kweli katika milima hiyo. Basi angalia mkia na masikio. Chui ana mkia mrefu unaopita nusu ya mwili wake, na masikio madogo ya mviringo. Mondo ana mkia mfupi na masikio yaliyosimama karibu yagusane. Na chui mzima huanzia kama kilo 30, mara mbili ya mondo wa kawaida na zaidi.

HASARA NA FAIDA KWA MKULIMA

Tusiwe watu wa kuhubiria wenzetu tukiwa mbali. Mama wa Karatina mwenye kuku kumi ambaye ada ya shule inatoka kwenye mayai, akiamka akakuta wanne wametoweka, ameibiwa. Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya mwaka 2013 inakataza kumuua mnyama wa mwituni ovyo, na imeweka fidia kwa hasara ya wanyama kama tembo, simba, chui, fisi, duma, nyati na kiboko. Mondo hamo katika orodha hiyo ya fidia. Hapo ndipo jina linapouma. Akisema ni chui, ana pa kupeleka malalamiko. Akisema ni mondo, hana. Halafu tunashangaa kwa nini kila mnyama mwenye madoa anaitwa chui.

Upande wa pili wa daftari haujaandikwa na mtu. Panya wa shambani hula mahindi ghalani, hung'oa mbegu, hutoboa viazi na karoti zikiwa bado ardhini. Mkulima hununua sumu. Panya aliyekula sumu hafi hapo hapo. Hutembea akiwa mlegevu, akaliwa na mondo, bundi au paka wa nyumbani, na sumu ikaendelea na safari yake. Shamba likipoteza mondo na bundi, panya hurudi haraka kuliko wote, kwa kuwa wanazaa kila baada ya wiki chache. Mwaka unaofuata sumu inanunuliwa zaidi.

Dawa ya kuku ni nyepesi kuliko dawa ya panya. Banda lililoinuliwa, wavu wa matundu madogo usioacha nafasi chini, paa lililofungwa kwa sababu huyu ni mruka juu, na mlango unaofungwa kabla ya magharibi. Mondo huwinda zaidi alfajiri, jioni na usiku. Kuku aliye ndani saa hizo hana shida naye. Serikali ya kaunti ikisaidia kaya za pembezoni mwa msitu kwa wavu na mbao, itatumia fedha kidogo kuliko kuendesha kesi.

ASIFUGWE

Neno kwa jamaa zetu walioko Ghuba, na kwa vijana wanaotazama video za paka wa madoa anayeketi kwenye gari la kifahari. Mwaka 1986 Marekani alizaliwa mtoto wa mondo na paka wa nyumbani, na kutoka hapo ikaanzishwa aina ya paka wa mchanganyiko inayouzwa ghali. Wengine wakaona kwa nini wasimfuge mondo mwenyewe. Muungano wa Falme za Kiarabu, kwa sheria ya mwaka 2016, ulipiga marufuku watu binafsi kumiliki wanyama hatari na wa porini majumbani. Kenya nayo hairuhusu mtu kumchukua mnyama wa mwituni akamweka nyumbani bila kibali. Sisi tuliokua na paka wakilala barazani na kwenye ngazi za misikiti tunajua paka wa kukaa na watu yukoje. Alifanya mapatano na binadamu maelfu ya miaka nyuma. Mondo hakuwahi. Akifungiwa chumbani huteseka, na anayemfuga huishia kumkata kucha au kumtupa.

Wanakijiji wakiokota mtoto wa mondo kwenye majani wakati wa kuvuna, wamwache palepale. Mara nyingi mama yake yuko karibu akisubiri watu waondoke. Akiwa ameumia, ofisi ya Shirika la Wanyamapori, KWS, ndiyo ya kuarifiwa.

KUMWITA KWA JINA LAKE

Nilisema kwamba mnyama akihesabiwa "wako wengi kwengine" hupoteza uzito wake mahali alipo. Mondo wa Karatina yuko katika hatari hiyo. Spishi yake haitishiki, rangi kwenye ramani imeenea, na kwa hiyo hakuna anayeuliza kama bonde fulani la Ragati bado lina mondo au limebaki na hadithi zake. Hawezi kuhesabiwa wakati kila aliyemwona anaripoti chui.

Kazi ya kwanza basi haihitaji fedha. Mwalimu wa shule ya msingi afundishe chui, duma, mondo, simbamangu, kimburu, ngawa na kanu kama tunavyofundisha aina za samaki, changu mbali na tafi. Mwandishi wa habari asichapishe "mtoto wa chui" kabla ya kuuliza mkia ulikuwa na urefu gani. Mwenye simu apige picha, aandike siku na mahali, aipeleke KWS au chuo kilicho karibu. Karatina kina chuo kikuu chake. Na wabunge wakiifungua tena sheria ya 2013, wapime upya mkulima mdogo mwenye kuku, ili asilazimike kudanganya jina la mnyama ndipo asikilizwe.

Sisi wenye lugha hii tuna sehemu yetu. Neno mondo limo kwenye makamusi ya Kiswahili tangu zamani, fupi na safi, na halihitaji kutafsiriwa. Lorini likiteremka na viazi, atakayeuliza habari za kule aulize pia: mondo wenu yupo?